Tumeanza Wenzetu Wakimaliza

2 Aprili

Shangazi, somo yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama utaanza kuzunguka nyumba nzima kama kawaida yako. Huku hatujambo. Goti la Baba limetulia tangu abadilishiwe dawa, ila ulimi haujatulia; jana amegombana na televisheni saa nzima kwa ajili ya mpira. Mama anasema gauni ulilomshonea linambana, ama ulikata vibaya ama yeye amenenepa, na hataki kuambiwa ni lipi. Mpe Mzee salamu zangu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu huko mlikohamia simu inapitisha maneno mawili halafu inakata, na neno la tatu ndilo lenye maana.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi mkuu wa kitengo chetu ameniita ofisini kwake akafunga mlango, jambo asilolifanya kamwe. Shirika linaanzisha mfuko mpya wa kuwekeza akiba za uzeeni za wafanyakazi, na atakayeusimamia lazima awe amefaulu ngazi zote tatu za ule mtihani wa wachambuzi wa uwekezaji. Mimi ninazo mbili. Ya tatu nilijisajili mwaka jana, lakini moyoni nilishaamua kuiahirisha. Tangu mwenzangu aende likizo ya uzazi nafanya kazi ya watu wawili, na vitabu nilivyonunua bado vimo kwenye nailoni.

Akaniuliza, "Mtihani wako lini?"

Nikasema, "Mwanzoni mwa Juni."

"Basi nafasi hii naishikilia mpaka matokeo yatoke. Baada ya hapo bodi itatafuta mtu wa nje. Utakuwa tayari?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli kwamba sijafungua hata ukurasa. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nitakuwa tayari."

Wenzangu walianza mwaka ulipoingia. Wapo waliomaliza vitabu vyote sita na sasa wanarudia. Mimi mchana huu nimechana nailoni kwa ufunguo wa ofisi. Moyo unanidunda, na sijui ni woga au furaha. Nadhani ni vyote viwili, ila furaha imetangulia. Wewe umesahihisha mitihani ya taifa tangu mimi sijui kusoma. Nianzie wapi?

Somo yako mdogo


10 Aprili

Somo yangu,

Marahaba. Nimeisoma nikitembea, na nilipofika pale uliposema "nitakuwa tayari" nilikuwa nimeshatoka mpaka uani. Sisi wazima. Mzee amepanda vitunguu, halafu anavichungulia kila asubuhi kama watoto wachanga. Mwambie mama yako gauni nililikata sawasawa, nina vipimo.

Umefanya vizuri kukubali. Angekupa muda wa kufikiri ungefikiria mpaka nafasi ikapita.

Kuhusu kuanza, chukua kalenda ufute kwanza saa ambazo si zako: kazi, usingizi, safari ya kwenda na kurudi, Jumapili na wazazi. Kitakachobaki ndicho ulicho nacho. Usijidanganye kwamba utapata zaidi. Halafu niandikie majibu ya maswali, kwa mkono, kwa kalamu, maana mtihani wenyewe unaandikwa hivyo. Uyatume kwa ofisi ya basi, mimi nitayasahihisha. Mahesabu ya uwekezaji siyajui vizuri, lakini kusahihisha najua.

Kwa sababu hiyo hiyo nitumie na vile vitabu vyako vya ngazi ya kwanza. Siwezi kusahihisha kitu nisichokijua hata harufu yake.

Jambo la mwisho. Nilimpigia baba yako nikiwa mjini, akaniambia kuna fundi wa lifti anayekusindikiza mpaka getini. Hakupenda kusema, nilimvuta maneno. Huyo fundi ni wa kupanda au wa kushuka?

Somo yako mkubwa


27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe kwa ukimya. Nimekuwa kama mtu aliyeangukiwa na kabati. Nyumbani wazima, Mama ameacha kulivaa lile gauni, na mimi nimeacha kuuliza. Wiki jana dereva wa basi alipokea boksi la vitabu ulivyoomba, akalalamikia uzito, nikamwambia ni elimu.

Nilifuta kalenda kama ulivyosema, nikakaa nikaitazama. Kilichobaki ni muda wa saa mbili alfajiri kabla ya kazi, saa ya chakula cha mchana, na Jumamosi. Saa ya mchana nimeihamishia chumba cha majalada. Pale kuna rafu za chuma na feni iliyokufa, na hakuna anayeingia isipokuwa mtunza majalada, mama mmoja mpole anayekula mkate wake kimyakimya ili asinisumbue. Nasoma kutoka ukurasa wa kwanza, sirukii kitu. Niko kitabu cha pili.

Najua unapiga hesabu. Hata mimi nimepiga, na kwa mwendo huu kitabu cha sita nitakimaliza mwezi wa nane. Ila nikikwambia nina huzuni nitakuwa nadanganya. Kuna kitu kinaniwaka, shangazi. Jana nilisoma habari za namna mfuko wa uzeeni unavyopangwa, watu wake wana umri gani, wataanza kulipwa lini, hasara gani wanaiweza na ipi itawaangusha. Nikaona kwamba hii ndiyo kazi ninayoitaka, si cheo chake. Niliposhtuka, chakula kilikuwa kimepoa na saa imekwisha.

Nimeambatisha majibu ya maswali ya zamani. Sahihisha bila huruma.

Kuhusu lifti, inafanya kazi vizuri.

Somo yako


5 Mei

Somo yangu,

Marahaba. Mzee anakusalimu, ananung'unika kwamba Jumamosi anakula kiporo, maana mimi nikirudi kutoka mjini nakuwa nimechoka. Vitunguu vinaendelea.

Uliomba nisahihishe bila huruma, kwa hiyo usinikasirikie. Swali la kwanza limesema: "Taja sababu moja kwa nini mstaafu huyu asiongeze fedha zake kwenye hisa." Sababu moja. Wewe umeandika ukurasa mzima. Umeanza na historia ya masoko, ukapita kwenye mfumuko wa bei, na sababu yenyewe, kwamba mzee wa watu atazihitaji fedha hizo mwakani kwa matibabu, umeitupia chini kabisa kama mtu anayemwaga maji machafu.

Sasa nikupe picha. Msahihishaji amekaa kwenye chumba chenye meza ndefu. Kulia kwake kuna rundo, kushoto kuna rundo, chai yake imeota utando. Jibu lako analishika kwa muda wa kupiga chafya. Anatafuta kitu kimoja tu. Akikiona anaweka alama anasonga mbele. Asipokiona hakai kukitafuta, hata kama kimo. Mimi nimefanya hivyo kwa watoto wa watu wengi, na wengine walikuwa wanajua kuliko mimi.

Kwa hiyo funga vitabu. Ndiyo, umesoma sawasawa, vifunge hapo ulipofikia. Anza mitihani ya zamani, yote unayoweza kuipata, kwa saa, ukiwa umekaa kama uko mle ndani. Utakapoanguka ndipo ufungue kitabu, usome palepale ulipoangukia, ukifunge tena.

Na mimi nina swali. Kitabu chako kinasema hatifungani, ile hati ya kuikopesha serikali au kampuni, ikiwa ya muda mrefu inatikiswa zaidi na riba kuliko ya muda mfupi. Hesabu nimeiona na nimeifanya, imetoka. Lakini nifafanulie kwa maneno yako, usininakilie.

Kwamba lifti inafanya kazi nimefurahi kusikia. Sikuuliza habari za mashine.

Somo yako mkubwa


17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba goti limemrudia kidogo, anatembelea fimbo na anaifurahia kwa sababu anapata cha kuelekezea watu. Mama mzima.

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikafunga vitabu.

Mtihani wa kwanza wa majaribio niliufanyia kwenye meza ya chakula nyumbani. Baba alipita kuuliza kama nimeona miwani yake. Mama alipita kumwambia Baba asinisumbue. Kisha wote wawili wakasimama mlangoni kujadiliana nani ananisumbua zaidi. Nilipojipa alama nilipata chini ya nusu, na maswali mengine sikuyafikia kabisa. Nikalia kidogo bafuni, nikanawa.

Jumamosi iliyofuata nikapata mahali pengine. Juu kabisa ya jengo letu la ofisi, chini ya paa, kuna chumba cha mitambo ya lifti. Kuna mtu mmoja ana ufunguo wake. Amenitengenezea meza kwa mlango wa zamani na matofali, akaweka kiti, akaning'iniza taa. Kila mtu akiita lifti, ule mtambo unanguruma na meza inatetemeka. Dakika za mwanzo niliona siwezi, baadaye nikawa siusikii. Mtu huyo ndiye anayeshika saa. Nimemkuta hana huruma kama wewe. Muda ukiisha anavuta karatasi mkononi mwangu katikati ya neno. Nilimwambia, "Niachie nimalizie sentensi." Akasema, "Kwani mle ndani watakuachia?"

Shangazi, napanda. Naandika mistari miwili nanyamaza. Mtihani wa pili nilivuka nusu, wa tatu nilivuka vizuri, na jana swali la fedha za kigeni, ambalo lilikuwa linanitoa jasho, nimelimaliza nikabaki na dakika. Nilisimama nikacheza peke yangu pale kwenye mitambo. Nilidhani niko peke yangu. Basi.

Likizo nimenyimwa. Lakini mwenzangu wa kitengo cha malipo amekubali kubadilishana nami zamu, nitakuwa na siku chache kabla ya mtihani, na mimi nitamshikia Desemba yote.

Swali lako: aliyekopesha kwa muda mfupi, fedha zake zinarudi karibuni, riba mpya ikija anakopesha upya. Aliyekopesha kwa muda mrefu amefungwa na makubaliano ya zamani, na kila mwaka anaosubiri, mabadiliko yale yanamgusa tena. Ndiyo maana bei yake inayumba zaidi.

Sasa mimi nikuulize. Mbona hilo ndilo swali wanalopenda kuwauliza watu wa ngazi ya kwanza? Na hizo Jumamosi mjini unafuata nini?

Somo yako


25 Mei

Somo yangu,

Marahaba. Sote wazima. Naandika haraka, basi linaondoka.

Majibu uliyotuma safari hii ndiyo majibu. Nimetafuta pa kuweka kalamu nyekundu nimekosa, isipokuwa swali la tano ambapo umetaja sababu tatu na wameomba mbili. Wakiomba mbili watasoma mbili za mwanzo tu, kwa hiyo tanguliza zilizo bora.

Maelezo yako ya hatifungani yamenifungua. Asante sana.

Maswali yako mengine nitayajibu baada ya mtihani. Usiniandikie tena kabla. Lala, kula, na ufike mapema.

Mkubwa wako


9 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na safari hii sisemi habari za magoti wala gauni, wote wazima, nitakueleza baadaye.

Nilifika mapema mno. Mlinzi alikuwa bado anafungua geti. Ukumbi ni mkubwa kama ghala, madawati mojamoja, na baridi ya kiyoyozi ya kutafuna mifupa. Asubuhi ni maswali ya kuandika. Nilifungua karatasi, swali la tatu likawa ni mfuko wa uzeeni wa wafanyakazi wa kiwanda, wengi wao wanakaribia kustaafu. Nilitaka kucheka kwa sauti. Wakaomba sababu mbili, nikaandika sababu mbili, mistari minne, nikaacha karatasi nyeupe chini yake. Ule weupe ulinitisha kuliko swali. Jirani yangu alikuwa anaomba karatasi ya tatu ya ziada, na mkono wangu ukaanza kutaka kurudi kuongeza historia ya masoko. Nikaukalia. Kweli, niliukalia mkono wa kulia kama mtoto, mpaka nikatulia, ndipo nikafungua ukurasa.

Nilimaliza. Shangazi, nilimaliza yote, nikapata na muda wa kurudia. Mchana yalikuwa ya kuchagua. Moja la fedha za kigeni nimebahatisha, mengine nilikuwa na sababu.

Sasa jambo lililonitoa pumzi. Wakati wa mapumziko nilikwenda kwenye ubao wa matangazo kuhakikisha namba yangu ya dawati ya mchana. Wamebandika orodha ya watahiniwa wa vituo vyote, kwa alfabeti. Jina langu nimelikuta mara mbili, la kwanza na la ukoo, moja chini ya lingine. Nikadhani wamekosea na huenda wakanifuta. Nikamkimbilia msimamizi. Akatazama karatasi zake akasema, "Hapana, huyu ni mwingine. Yuko ngazi ya kwanza, kituo kingine, na mwaka wake wa kuzaliwa..." Akanitazama, akatazama tena karatasi. "Huyu ni mtu mzima."

Mimi nimerithi jina hilo kwa mtu mmoja tu duniani.

Jibu sasa. Umeniambia baada ya mtihani, na mtihani umekwisha.

Somo yako


17 Juni

Somo yangu,

Marahaba, na haya, umenikamata.

Boksi lako lilipofika nilikusudia kusoma kurasa chache tu, nijue unachozungumza. Jioni ile Mzee aliniita chakula mara tatu. Wiki iliyofuata nilikwenda mjini kwenye maktaba kutafuta kitabu cha hesabu kitakachonielea zaidi, nikakuta palepale dirisha la usajili wa mtihani wenu lina siku chache kabla ya kufungwa. Nilisimama pale nikijiambia mambo ya busara kuhusu umri wangu. Nikiwa bado najiambia, nikamsikia karani anasema, "Saini hapa."

Jumamosi zote nilikuwa maktaba. Mzee alijua, nilimlisha kiapo pamoja na kiporo.

Sikukwambia kwa sababu ungeanza kunihurumia. Ungeacha kutuma majibu yako ili nipate muda wa kusoma yangu, au ungenitumia maelezo marefu ya kunisaidia, na wewe huna muda wa kusaidia mtu. Halafu, kusema kweli, niliona haya kidogo. Nimekaa upande wa kalamu nyekundu maisha yangu yote ya kazi. Nilitaka nione kama bado naweza kukaa upande wa pili.

Nilipoingia ukumbini, msimamizi kijana alinikabidhi bahasha za maswali nizigawe. Alidhani nimekuja kumsaidia. Nikamwambia, "Mwanangu, leo mimi nimekuja kufanya." Akaniomba radhi mpaka nikamhurumia yeye. Nilipokaa, nilijaza namba yangu vibaya mara mbili. Miaka yote hiyo niliwaambia watoto wasiogope, na sikujua nilikuwa nawaambia nini.

Lakini swali la hatifungani lilikuja, somo. Nililijibu kwa maneno yako, natabasamu kama mwendawazimu.

Sasa ni zamu yako kujibu. Yule mwenye ufunguo alikukuta unacheza, akasema nini?

Mkubwa wako


12 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimefaulu.

Nimeandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya hii ili nione linakaaje. Ujumbe ulikuja nikiwa kazini, mbele ya wateja wawili. Nikawaomba radhi, nikatoka, nikapanda ngazi kwa miguu mpaka kule juu maana sikuweza kusimama kusubiri lifti. Aliyekuwa juu alikuwa amelala chini ya mtambo, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamwambia, "Nisomee wewe, mimi siwezi." Akatoka, akafuta mikono kwenye ovaroli, akasoma, kisha akarudia kusoma tangu mwanzo mpaka nikadhani nimeanguka. Kumbe alikuwa anahakikisha kwanza, ndipo akaniambia nimefaulu.

Mkuu wa kitengo amenipa mikono yake yote miwili. Mfuko unaanza mwezi ujao, na jina langu limeshapelekwa kwenye bodi. Baba ametangazia mtaa mzima, na kwa kuwa ana fimbo, anawasimamisha hata wasiomjua.

Uliuliza alisema nini siku ile ya kucheza. Alisema, "Endelea, mimi sijaona kitu." Anakuja nyumbani na kaka yake mwisho wa mwezi huu, na Mama ameshaanza kupiga pasi mapazia. Ndivyo ilivyo. Nimeshindwa kuiandika vizuri zaidi ya hapo.

Lakini matokeo ya ngazi ya kwanza yalitoka kabla ya yetu, na wewe kimya. Nimepiga simu, imepitisha pumzi yako na kelele za Mzee, ikakata. Niandikie, vyovyote vilivyo.

Somo yako


21 Agosti

Somo yangu,

Marahaba, marahaba tena. Mzee alinisomea barua yako kwa sauti akiwa uani, na alipofika kwenye "nimefaulu" majirani wa pande zote mbili walitokea kuuliza kuna nini. Nimepiga vigelegele mpaka kuku wametawanyika. Mwambie mama yako mapazia asiyapige pasi kwa moto mkali. Na mwambie fundi nakuja kumwona kwa macho yangu, ajiandae kwa maswali ya sababu moja.

Mimi nimefeli.

Nilikaa na karatasi ile siku kadhaa nisiandike kwa mtu. Sikutaka habari zako zije zikute zangu njiani. Nilikosa kidogo tu, na kilichoniangusha ni yale mahesabu ya mikataba ya kununua kesho kwa bei ya leo. Nilikuwa nimeyaruka, nikitumaini hayataulizwa sana. Yaliulizwa sana. Mzee alinipikia uji akakaa karibu nami mpaka nikaumaliza, na hilo lilinisaidia kuliko maneno.

Siku ya tano nikavaa viatu nikaenda mjini kwenye lile dirisha. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo binti muuguzi, naye amefeli kama mimi. Nyuma yake, mwalimu wa sekondari ambaye ndiyo kwanza anaanza. Huyo mwalimu akaniuliza, "Mama, unamsajilia nani?" Nikamwambia najisajili mwenyewe, kwa mara ya pili. Yule muuguzi akaangua kicheko, halafu machozi, halafu akaniuliza kama nina watu wa kusoma nao. Nilikuwa sina. Tulipotoka pale tulikuwa watatu, na sasa tuko watano, kila Jumamosi, sebuleni kwangu. Mzee amehamisha viti vyote, amepata na ubao sijui wapi, na kiporo amekisamehe maana wageni wanakuja na vitafunio.

Nilikuwa sijawahi kufeli kitu tangu nikiwa msichana, na wala sijawahi kuamka Jumamosi na hamu kama hii. Huenda yote mawili yanakwenda pamoja, sijui, nitakwambia nikijua.

Nakuacha hapa, wameshabisha hodi. Leo zamu ya kufundisha ni yangu, na nimeomba mwenyewe nipewe ile mikataba iliyoniangusha.

Somo yako mkubwa